Gari Moja Kwenye Barabara Tupu

"Afande, nikwambie tena, au umechoka?"

"Niambie tena."

"Mimi ndiye niliyechoka. Haya, nakwambia."

Chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi kiliwahi kuwa ghala la mbolea, na harufu yake ilikuwa bado haijahama. Palikuwa na meza moja, benchi moja, na dirisha lililozibwa kwa kipande cha turubai la msaada. Mtuhumiwa alikaa kwenye benchi bila mkanda wa suruali, bila kamba za viatu. Alikuwa dereva mtu mzima, mwenye mvi za kidevuni. Wenzake walimwita Klachi kwa sababu mguu wake wa kushoto haukutulia hata akiwa amekaa, na sasa hivi ulikuwa ukikanyaga sakafu, ukiachia, ukikanyaga tena.

Mwanamke aliyemhoji hakuwa afande tena. Alikwisha kuvua magwanda, akaajiriwa na mashirika ya misaada kuchunguza uchafu unaotokea ndani ya mashirika yenyewe. Lakini mwendo wa askari haukumtoka, na jina nalo likang'ang'ania.

Kazi iliyomleta ilikuwa na damu. Kambi iliyo nje ya mji ilijaa watu waliokimbia vita vya milimani. Wanawake waliofanyiwa ukatili na wapiganaji, wale waliokubali kusema nani kawafanyia nini, walipelekwa kwenye nyumba salama mjini, nyumba isiyotakiwa kujulikana na mtu. Ya kwanza ilichomwa moto, na wanawake waliponea kwa kuruka ukuta wa nyuma. Ya pili wapiganaji waliingia mchana kweupe. Wanawake walikuwa wamekwenda kliniki, lakini mpishi wao alikuwa jikoni, na mpishi yule sasa yuko kaburini.

Leo alasiri palikuwa na safari nyingine. Mshonaji mmoja wa kambini alikuwa amemtaja kamanda wa wapiganaji kwa jina, na angerudia maneno hayo mbele ya hakimu. Ilibidi atoke kliniki, alikokuwa akitibiwa, aende nyumba ya tatu. Kwa kuwa Klachi alikuwa ndani, kila mtu aliamini kwamba tundu limezibwa. Neno la mwisho, gari liondoke au lisiondoke, liliachwa kwa Afande.

"Waliozijua nyumba zote mbili ni watu wawili," Afande alisema. "Mratibu aliyezipanga, na wewe uliyeendesha gari."

"Ndiyo."

"Na shemeji yako yuko milimani na wapiganaji."

"Mdogo wa mke wangu. Nikimwona nampiga makofi kwanza, salamu baadaye."

"Mnaongea?"

"Na mimi? Thubutu! Alimpigia dada yake simu walipofiwa. Akalia. Dada yake naye akalia. Mimi nikalala njaa, maana hakuna aliyepika."

Afande hakucheka. "Safari ile ya pili. Nani alikufuata?"

"Hakuna."

"Uliangalia?"

"Afande, mimi naendesha gari kwenye vita. Kioo cha nyuma nakiangalia kuliko ninavyomwangalia mke wangu, ndiyo maana ananuna. Nyuma hakuna mtu, mbele hakuna mtu. Hata lori la maji, lile linalonilisha vumbi kila siku ya Mungu, halikuwapo. Barabara tupu! Safari ya kwanza vilevile. Nilijiona kama rais anapita."

Kalamu ya Afande ilisimama.

"Rudia hapo."

"Wapi? Kwenye rais?"

"Barabara ilikuwa tupu safari zote mbili."

"Tupu kama mfuko wangu. Sasa mtu wa kunifuata angetoka wapi? Angejificha nyuma ya nini?"

"Na simu ya upepo?"

"Nilizima. Amri ya Mratibu. Nikibeba mgeni, siongei na kituo, siongei na mtu, hata kukohoa nakohoa ndani."

Afande alifunga daftari lake. Nje, mkuu wa kituo alikuwa akimsubiri chini ya kivuli cha bati, tumbo limetangulia.

"Amekiri?"

"Amekiri kuwa ana shemeji."

"Mimi nawafahamu watu wa namna ile. Kuchekesha sana ni dalili ya hatia."

"Na wewe una shemeji milimani?"

Mkuu alijikuna shingo. "Binamu. Lakini huyo ni wa upande wa mama."

"Basi usimguse yule mzee mpaka nirudi. Hata kofi moja."

"Afande, wanaojua ni wawili. Mmoja alizimia kwenye mazishi ya mpishi. Mwingine ana jamaa porini. Hii ni hesabu ya darasa la kwanza!"

"Ndiyo maana inanitia wasiwasi," alisema, akaingia kwenye gari.

* * *

Ua la mashirika lilikuwa na makontena yaliyogeuzwa ofisi, tangi kubwa la maji lililosimama juu ya miguu ya chuma, na banda la madereva lenye kuta za mabati. Ndani ya banda spika ndogo ilitundikwa ukutani, ikikoroma mchana kutwa ili madereva wasikie taarifa za usalama.

Afande hakwenda kwa Mratibu. Alikwenda kwa dereva wa lori la maji, kijana mnene aliyeitwa Mafuriko, aliyekuwa akicheza drafti kwa vifuniko vya soda dhidi ya mtu asiyekuwapo.

"Unacheza na nani?"

"Na mimi mwenyewe, Afande. Na bado naibiwa."

"Siku nyumba ya pili ilipovamiwa, ulikuwa wapi?"

Kifuniko kilibaki hewani. "Hapa hapa."

"Na siku ile ya kwanza?"

"Hapa hapa pia."

"Kila siku unapeleka maji barabara ya kiwandani na barabara ya machimbo. Siku mbili tu hukwenda, na siku hizo hizo nyumba mbili zinavamiwa, ya kwanza kiwandani, ya pili machimbo. Kwa nini?"

Mafuriko alisimama. Jasho lilimtoka ghafla kama bomba lake mwenyewe. "Afande, usiniangalie hivyo. Mimi nina mama."

"Kila mtu ana mama. Jibu."

"Nilizuiwa! Unadhani napenda? Ukichelewesha maji, wale akina mama hawakutukani wewe, wanamtukana aliyekuzaa. Niliambiwa barabara imefungwa, nikazima injini, nikakaa."

"Nani alikuambia?"

Mafuriko alinyoosha kidole kwenye spika ya ukutani. Na spika ikakoroma.

"Kituo kikuu kwa magari yote na mashirika yote," ilisema sauti ya mwanamke, tulivu, iliyopangika neno kwa neno. "Barabara ya posta ya zamani imefungwa kwa magari yote kuanzia alasiri ya leo, mpaka mtakapopewa taarifa. Narudia. Barabara ya posta ya zamani. Mwisho."

"Unasikia?" Mafuriko alisema kwa uchungu. "Leo tena! Na huko nako kuna matangi yangu. Leo nitatukanwa mpaka babu."

Afande hakusikia habari za babu. Alikuwa ameganda akiitazama spika.

"Sauti ya nani hiyo?"

"Mratibu mwenyewe. Barabara hafungiwi na mtu, anafunga kwa kinywa chake."

Afande alitoka bandani karibu akimbie.

* * *

Chumba cha simu ya upepo kilikuwa kontena la mwisho, lililopoozwa na feni moja iliyokuwa ikilalamika. Msichana aliyekaa kwenye mitambo, kila mtu akimwita Ova, alivua kipokea sauti cha sikioni.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nijibu upesi. Barabara inafungwa lini, na kwa sababu gani?"

"Hiyo siruhusiwi..."

"Ova."

Msichana alishusha sauti. "Anapohamishwa manusura. Mratibu hataki magari mengine yapite pale, ili madereva wasiione nyumba. Madereva wana midomo. Kwa hiyo anawaondoa wote, gari moja linapita, basi."

"Nani anasikia tangazo?"

"Wote. Mashirika kumi na sita, walinzi, madereva. Lazima wasikie, la sivyo watapita."

"Na nje ya mashirika?"

Ova alitazama meza yake. "Lile gari la chanjo lililotekwa kiangazi. Lilikuwa na simu ya upepo ya mkononi kwenye dashibodi. Haikurudi."

"Na masafa hayakubadilishwa?"

"Tuliomba. Lakini kubadilisha lazima mashirika yote yakubaliane. Wakaitisha kikao. Kwenye kikao wakaunda kamati. Kamati ikasema kwanza kuwe na kikao."

Afande aliegemea ukuta wa bati. Mambo yalijipanga yenyewe sasa, moja likilivuta jingine. Wapiganaji hawakuhitaji mtu ndani. Walihitaji kusikia tu ni barabara ipi inafungwa, kisha wakakae pembeni yake na darubini, wakinywa maji. Gari litakalopita ni moja tu. Lango litakalofunguka ni moja tu. Dereva angetazama kioo chake mpaka macho yamtoke, asione mtu nyuma, kwa sababu hakuna aliyehitaji kumfuata.

"Kamwite Mratibu," alisema.

"Anajiandaa kwenda kliniki kumchukua mgeni..."

"Kamwite kabla hajafika garini!"

* * *

Mratibu aliingia akiwa ameshika ufunguo wa gari na chupa ya maji. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, mwenye sifa ya kutosahau kitu. Kazi yake ilikuwa kuyafanya mashirika kumi na sita, ambayo hayapendani, yatembee kama mguu mmoja ili mwanamke aliyeumizwa asizungushwe mlango hadi mlango akisimulia aibu isiyokuwa yake. Aliifanya vizuri. Hata waliomchukia walikiri hivyo.

"Umepata jibu?" aliuliza. "Ni Klachi?"

"Siye Klachi."

"Basi nani? Nani anawaambia?"

Afande alivuta kiti, akakiweka mbele yake. "Kaa."

"Sina muda wa kukaa. Mama yule anasubiri."

"Wewe, Mratibu. Wewe ndiye unayewaambia."

Feni ililalamika, ikanyamaza, ikalalamika tena. Afande alieleza kwa sentensi fupi, bila kupaka mafuta: simu iliyotekwa, tangazo, barabara tupu, gari moja. Mratibu alisikiliza akiwa amesimama. Katikati ya maelezo chupa ya maji ilimponyoka ikabingirika chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Niliwaondoa watu ili wasimwone," alisema mwishowe.

"Najua."

"Mpishi..." Kisha akanyoosha mgongo, na sauti ikarudi, kavu. "Nafuta safari. Anabaki kliniki."

"Kliniki wamekwishafika watu wawili kumuulizia, wakijifanya jamaa zake. Muuguzi amenipigia asubuhi. Akilala pale hatuna ulinzi wa kumlinda."

"Basi tumpeleke barabara nyingine."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko barabara ya posta!" Mratibu alijishika kichwa. "Nimekwisha kuitangaza. Mungu wangu, nimekwisha kuitangaza!"

"Ndiyo. Na sasa hivi wako njiani kwenda kukaa pale. Twende kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye maisha yake. Kuna mtu aliyemuuliza?"

* * *

Mshonaji alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, juu ya kitanda kisicho na shuka, mguu juu ya mguu, akishonea muuguzi kifungo cha koti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kovu jipya chini ya sikio na macho yasiyokwepa. Alisikiliza yote bila kusimamisha sindano.

"Kwa hiyo mlinifungia barabara," alisema.

"Ndiyo, dada," Mratibu alijibu.

"Na wao wakaambiwa imefungwa wapi."

"Ndiyo."

"Kwa heshima zote." Alikata uzi kwa meno. "Tangu siku ya kwanza niliwaambia. Yupo mama aliyenifundisha kushona, nyumba yake iko ng'ambo ya soko, mwanamke mwenye roho na komeo la chuma. Mkaniambia nini?"

Mratibu alitazama sakafu. "Kwamba nyumba haijakaguliwa."

"Kwamba haina vigezo. Niliishi pale nikiwa mwanafunzi wake, nikalala, nikaamka, sikujua kumbe nyumba haina vigezo."

Muuguzi aligeuka upande akazuia kicheko. Mratibu hakucheka.

"Tunafundisha kila wiki kwamba manusura ndiye mwamuzi," alisema polepole. "Mimi mwenyewe nafundisha."

"Basi leo umehitimu, mwalimu." Mshonaji alimkabidhi muuguzi koti. "Nitakwenda kwa miguu. Saa hizi wanawake wa kliniki wanatoka, wengine na watoto mgongoni, wengine na dawa mkononi. Nitatoka nao. Muuguzi atatembea mbali kidogo bila sare yake. Gari silitaki."

"Ni katikati ya soko," Afande alisema. "Watu wote watakuona."

"Watu wote wataona wanawake. Njia ile niliingia nayo mjini nikikimbia, Afande. Leo nataka niipite taratibu."

Afande alimwangalia, kisha akamgeukia Mratibu. Mratibu alitikisa kichwa kukubali. Hilo lilimgharimu, na alilifanya.

"Ukifika?" Afande alimuuliza muuguzi.

"Nitakubipu. Ikiita mara moja na kukatika, ujue komeo limefungwa."

"Na sisi," Afande alisema, "tutawatafutia wale mabwana mahali pengine pa kukaa."

* * *

Mkuu wa kituo alipanda ngazi za tangi la maji akihema na kuwalaani waliobuni ngazi. Juu alikuwa na darubini na simu. Kutoka pale aliiona barabara ya posta upande mmoja, na upande wa pili barabara ya tanuri la matofali, iliyopita kwenye ardhi mbovu isiyokaliwa na mtu.

"Nawaona," alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha. "Afande, nawaona kweli. Pikapu moja imeegeshwa karibu na posta, na pikipiki mbili. Wanajifanya wanatengeneza."

"Unaweza kuwakamata?"

"Kwa vijana wangu hawa? Wale wana bunduki kubwa. Mimi nina vijana wanaopiga saluti vizuri."

"Basi tazama tu. Na nimetuma gari kumchukua Klachi."

"Mchukue," mkuu alisema. Kisha akaongeza: "Mpe na mkanda wake."

Ndani ya kontena la simu ya upepo, Mratibu alivuta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Sauti ileile ya kila siku," Afande alimwambia. "Wanakujua."

Mratibu alibonyeza kitufe. "Kituo kikuu kwa magari yote na mashirika yote. Masahihisho. Barabara ya posta ya zamani iko wazi. Iliyofungwa ni barabara ya tanuri la matofali. Narudia, barabara ya tanuri. Samahani kwa usumbufu. Mwisho."

Walisubiri. Ova aliuma kucha. Kwenye spika, Mafuriko alisikika akimshukuru Mungu kwa sauti mpaka akaambiwa aachie masafa.

"Wameinuka," mkuu alisema kutoka juu. "Mmoja ana simu sikioni, ndefu, yenye antena. Wamewasha. Wanaondoka. Afande, wanaelekea tanuri!"

Mratibu alifumba macho. Kila shaka iliyobaki, na kila tumaini kwamba Afande amekosea, vilikwenda na ile pikapu.

Afande alimpigia muuguzi. "Tokeni."

Sasa palibaki kusubiri, na kusubiri ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Soko halikuwa mbali, lakini kundi la wanawake wenye watoto haliendi kwa haraka, na yeyote atakayeliharakisha atalitia alama. Klachi aliletwa, akasimama mlangoni akifunga mkanda wake. Alimtazama Mratibu. Mratibu alimtazama yeye. Siku zilizopita mwanamke huyu ndiye aliyetoa jina lake polisi.

"Mzee wangu," Mratibu alianza.

"Baadaye," Klachi alisema. "Nimesikia kila kitu njiani. Mnataka nini?"

"Bado hatujui," Afande alijibu. "Kaa kwenye gari lako nyuma ya karakana, washa injini, washa simu. Ukiitwa, itika."

"Niitike nini?"

"Chochote."

"Hiyo naiweza," Klachi alisema, akatoka.

Muda ulipita. Kisha sauti ya mkuu ikaja kwa kasi. "Wanachoka kusubiri pale tanuri. Wamewasha injini. Mmoja amesimama juu ya pikapu, anaonyesha kidole huku sokoni."

"Wanawake wako wapi?"

"Nawaona. Bado hawajalimaliza soko. Afande, hawa wakija sasa wanakutana nao uso kwa uso!"

Ova alianza kulia bila sauti. Afande aliunyoosha mkono kuelekea kipaza sauti, lakini Mratibu alikwisha kukishika.

"Gari la kwanza, hapa kituo," alisema. Neno kwa neno, limepangika. "Najua umeambiwa usiongee. Lakini umechelewa. Uko wapi?"

Spika ilikoroma tu. Kitambo kirefu, kirefu mno. Halafu, na mngurumo wa injini nyuma yake, ilisikika sauti ya mtu mzima aliyeudhika.

"Kituo, mimi niongee nini? Nimepata pancha. Niko kabla ya kona ya tanuri. Nimewaambia tangu mwaka jana tairi hizi ni mapambo!"

"Una tairi la akiba?"

"Ninalo. Jeki sina. Jeki aliazima Mafuriko."

"Mgeni yuko salama?"

"Amekaa kivulini, ananilaumu mimi. Wanawake wote wananilaumu mimi."

Kwenye simu, mkuu alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Wamezima injini. Yule wa juu ameshuka. Wanajipanga nyuma ya tanuri, wanaitazama kona."

Mratibu hakuachia. Aliuliza nati. Klachi akasema nati zimeshika kutu. Aliuliza kama kuna fundi karibu. Klachi akaeleza kwa kirefu maoni yake kuhusu mafundi. Waliongea kama watu wawili wenye ugomvi wa miaka katika nyumba moja, na kila walipokaribia kuishiwa maneno, mmoja alimtupia mwenzake jingine. Jasho lilitiririka kutoka kwenye nywele za Mratibu mpaka kwenye kola, wala hakulifuta.

Simu ya Afande iliita mara moja. Ikakatika.

Ova aliinua mikono apige makofi. Afande alimdaka viganja kabla havijakutana, akamwonyesha Mratibu skrini ya simu. Mratibu aliitazama kwa muda. Akaachia kitufe, na kwa mara ya kwanza alasiri ile pakawa na kimya.

Ndipo spika ikakoroma yenyewe.

Mtu alikuwa amebonyeza kitufe, akakishikilia. Hakusema. Injini ya Klachi haikusikika. Ilisikika pumzi tu, pumzi ya mtu aliyeweka mdomo karibu, na nyuma yake upepo wa mahali palipo wazi. Ilivuta, ikatoa. Ova alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Afande alishika bega la Mratibu, akalikuta limekaza kama jiwe.

Huyo ndiye aliyekuwa akimsikiliza siku zote. Kila alipofunga barabara kwa upendo na uangalifu wake wote, sikio hili lilikuwa likimshukuru.

Mratibu aliinamia kipaza sauti. Akabonyeza kitufe.

"Vumilia," alisema, kama anayemjibu Klachi, kwa sauti ileile iliyofunga barabara ya kiwandani, na ya machimbo. "Jeki iko njiani."